Kinanda cha babu chapanda mtumbwi Katubuka

Msomaji wangu, najua ukisikia Kigoma unafikiria mambo matatu tu: dagaa, mawese na ule usemi wa "mwisho wa reli". Sikulaumu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka masika ya mwaka 2024, pale shangazi yangu aliponipigia simu usiku na kuniambia kwa sauti ya haraka, "Njoo. Babu yako anagombana na maji."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mzee wa miaka themanini na ushee agombane na maji, kwani kawa samaki?

Basi nikafunga kibegi changu nikapanda treni. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na reli hii ya kati Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakafika kando ya ziwa mwaka 1914. Nakwambia ukweli, kuna saa pale baada ya Tabora nilihisi kama na mimi nimeanza safari mwaka 1905. Lakini ukifika stesheni ya Kigoma, ukaliona Ziwa Tanganyika limelala bluu mbele yako na milima ya Kongo ng'ambo, uchovu wote unakutoka. Utadhani mtu kafungua dirisha kifuani mwako.

Nikachukua bodaboda hadi Katubuka. Hii ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mtaa wa watu wa kawaida kabisa: nyumba za tofali, miembe, mama lishe, vijana wa bodaboda wanaobishana Simba na Yanga. Tatizo lake ni moja. Upande mmoja kuna bonde lenye bwawa, na mvua zikizidi maji yote ya vilimani yanakimbilia humo, tena yakishaingia hayana pa kutokea. Bwawa linavimba kama andazi. Linakula vichochoro, linakula vyoo, mwisho linaingia sebuleni bila hodi. Mwaka huo lilikuwa limeshameza nyumba kadhaa, na watu walikuwa wanapita kwa mitumbwi mahali ambapo mimi nilipokuwa mdogo nilicheza rede.

Nikamkuta babu kakaa nje kwenye kigoda, suruali kaikunja hadi magotini, miguu ina tope.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umekuja kunisaidia au umekuja kula migebuka?"

"Vyote viwili babu."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Hapo ndipo nikapewa mkasa wenyewe.

Babu yangu alikuwa mpiga kinanda wa kigango chao kwa zaidi ya miaka 40. Si hivi vinanda vya umeme unavyoviona kwenye video za kwaya, hapana. Ni kile cha zamani cha kukanyaga, cha mbao nyeusi, kikubwa kama kabati la vyombo. Watu wengine wanakiita hamoniamu. Unakaa, unakanyaga pedeli mbili kwa zamu kama mtu anayeshona cherehani, mvukuto ulioko ndani unajaa upepo, na ukibonyeza kibao upepo unapita kwenye kijilimi cha shaba kinatetemeka na kutoa sauti. Wazungu wa Ulaya walivitengeneza kwa wingi kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakavipenda kwa sababu moja rahisi: kinabebeka. Hakitaki umeme wala jengo kubwa.

Sasa kigango chao cha zamani kiko chini, upande wa bwawani. Kanisa jipya limejengwa juu kidogo, lina bati jipya na spika. Kinanda kilibaki chini kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nacho. Siku maji yalipofika kwenye kizingiti, kamati ikakaa. Wakasema mbao ziuzwe, shaba ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pesa itakayopatikana iongezwe kwenye mchango wa kinanda cha umeme cha kwaya ya vijana.

Nisiwafiche, kama ningekuwa kwenye kamati ningenyoosha mkono kuunga mkono. Kinanda cha umeme kina ngoma humo humo, kina gitaa, kina kila kitu. Lakini babu aliposikia, akashuka peke yake bwawani, akaingia kwenye maji hadi magotini, akakaa mbele ya kinanda chake kama mtu anayelinda maiti. Ndiyo ile simu ya shangazi.

Kamati wakaona aibu, wakampa wiki mbili. Akikitoa na kikapiga, kitapewa pembe kwenye kanisa jipya. Kisipopiga, kinakwenda kwenye mizani ya chuma chakavu. Wiki mbili, msomaji wangu! Na jeshi la babu lilikuwa mimi, shangazi na vijana wawili wa bodaboda.

Kesho yake shangazi akaleta mtu. Mzee mfupi, kofia ya baraghashia, mikono yake imejaa makovu ya grisi na moto. Ni Mwislamu wa Ujiji, fundi mstaafu aliyefanya kazi za injini za meli maisha yake yote. Akatushusha bwawani, akakizunguka kinanda mara moja, akakigonga gonga kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Kisha akatugeukia.

"Ninyi mnalia nini? Liemba ilikuja hapa kwenye masanduku 5,000. Ninyi mnashindwa na kabati moja?"

Jamani, yule mzee alinifunga mdomo. Kwa faida ya wewe ambaye hujui, ngoja nikupe kidogo habari ya Liemba, maana ndiyo iliyotuokoa.

Ile meli ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, ikapewa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana wa Wajerumani huku kwetu. Walipomaliza kuiunganisha, wakaibomoa! Wakapanga vipande kwenye masanduku 5,000, vikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, vikapanda treni hadi Kigoma. Fundi mkuu aliitwa Anton Rüter. Yeye na wenzake wawili kutoka kiwandani, pamoja na umati wa vibarua, wakaipanga upya kipande kwa kipande hapa hapa kando ya ziwa, ikaingia majini tarehe 5 Februari 1915. Meli ya urefu wa mita 70 na ushee!

Halafu ikaja vita. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliona wanazidiwa, wakaamua kuizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini Rüter hakutaka meli yake ife. Kabla ya kuizamisha, injini zilipakwa grisi nene kila mahali, kama mtu anayempaka mtoto mafuta kabla ya baridi. Ikalala chini ya maji miaka mingi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakakuta injini bado nzima, wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili. Mwaka 1997 ikarudisha makwao maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ikawatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga. Safari zake zilisimama mwishoni mwa miaka ya 2010, lakini ukimuuliza mtu wa Kigoma atakuambia Liemba haijafa, imepumzika.

"Siri ni mbili tu," fundi akasema. "Namba na mafuta. Kila kipande kipe namba kabla hujakifungua. Na kila kinachoweza kuoza kipe mafuta. Mengine ni nguvu ya mkono."

Kazi ya namba nikapewa mimi, msomi wa familia, kidato cha nne nimemaliza. Kumbuka hapo, tutarudi.

Tukaanza kukifungua. Kwanza kile kifuniko, halafu vibao vya kubonyeza, 61 kwa jumla. Chini yake ndipo zilipo zile ndimi za shaba, safu mbili, 122. Ndogo kabisa ina ukubwa wa kucha, kubwa inakaribia kidole. Halafu mvukuto wenyewe, ambao ngozi yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama miguu ya mkulima, na pembeni mchwa wameshakula karamu. Babu alikuwa anapokea kila kipande, anakifuta kwa shati lake, anakiita kwa jina. Eti kila sauti aliipa jina. Kuna moja inaitwa Bibi, kwa sababu, alisema, ikianza haimalizi.

Vipande vidogo tukavitia kwenye ndoo za rangi zenye mfuniko. Sanduku kubwa la mbao lisingepita kwa mkokoteni, maji yalishafika kiunoni. Kijana mmoja wa bodaboda akaenda kwa mjomba wake mvuvi, akarudi na mtumbwi. Tukalipakia juu yake limelala chali, babu kalishika upande mmoja, fundi upande mwingine, sisi tunasukuma tukiwa ndani ya maji. Watoto wakatufuata kwenye ukingo wakipiga kelele, "Jeneza! Jeneza!" Babu akawajibu, "Huyu bado hajafa, nendeni shule!" Tulipofika nchi kavu kirikuu kikalipokea, kikapanda nalo mlima kinatoa moshi kama treni ya babu zetu.

Jioni ile, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka wa shangazi, nikasoma kidogo kwenye simu kuhusu vinanda vya kanisa. Unajua kwamba kinanda cha mabomba, yule baba wa hivi vyote, kilivumbuliwa Afrika? Alikuwa fundi Mgiriki anaitwa Ctesibius, aliishi Aleksandria, Misri, miaka zaidi ya 200 kabla ya Kristo, na alitumia uzito wa maji kusukuma upepo kwenye mabomba. Leo kinanda kikubwa kina mabomba mamia au maelfu, mengine marefu kupita nyumba, mengine madogo kama penseli. Pale Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na kampuni ya Henry Willis ya Uingereza. Nacho kilivuka bahari. Na huko Ulaya makanisa yanapofungwa, mafundi wanavibomoa vinanda vya zamani, kila bomba linapewa alama na kufungwa vizuri, linakwenda kuimba mji mwingine au nchi nyingine. Ina maana sisi wa Katubuka hatukuwa vichaa. Tulikuwa na mtumbwi tu badala ya lori.

Sasa turudi kwenye zile namba.

Msomaji wangu, mimi niliandika namba kwa chaki. Chaki nyeupe ya shule, kila ulimi namba yake, vizuri kabisa, mwandiko wangu wa kusifiwa. Nikazitia kwenye ndoo. Ndoo ikakaa siku tatu kwenye chumba chenye unyevu, na chini palikuwa na maji kidogo yaliyoingia mtumbwini. Siku fundi alipofungua mfuniko, akanyamaza. Akanyanyua ulimi mmoja, akaugeuza, akanyanyua wa pili. Zote zilikuwa safi kama sahani za harusi. Namba hakuna. Herufi walizogonga watengenezaji zamani hizo zilishaliwa na kutu ya kijani.

Ndimi 122 zimechanganyika kama mchele na choroko. Na siku zilizobaki zilikuwa sita.

Nilitoka nje nikalia, sisemi uongo. Nililia kwa sababu hakuna aliyenigombeza. Shangazi alinisonya tu akaenda jikoni. Fundi akasema polepole, "Binti, meli ya watu haiandikwi kwa chaki." Nikatamani ardhi inimeze kama lile bwawa linavyomeza nyumba.

Babu akaomba aletewe kipande cha mpira wa maji, kijembe, na taa. Akakaa mezani. Akachukua ulimi mmoja, akauchomeka kwenye mdomo wa mpira, akapuliza. Ukalia kama mbu. Akafumba macho. "Huyu wa kushoto, wa nne." Akauweka. Akachukua mwingine. "Huyu ndugu yake, kazidiwa kidogo." Zile zinazotofautiana ukubwa hata mimi niliweza kuzitenga, lakini zinazofuatana zinafanana kama mapacha, hapo ni sikio tu. Macho yake yana mtoto wa jicho, kusoma gazeti hawezi, lakini usiku ule na usiku uliofuata alizipanga zote 122. Alipochoka pumzi nikawa napuliza mimi, yeye anasikiliza. Siku ya kwanza sikusikia tofauti yoyote. Siku ya pili nikaanza kusikia. Ilikuwa kama mtu kanisafisha masikio.

Zilizopotoka sauti akanifundisha kuzirekebisha. Ukitaka sauti ipande, unakwangua kidogo sana karibu na ncha ya ulimi. Ukitaka ishuke, unakwangua karibu na shina. Ukizidisha umeua, hakuna kurudisha. Nilikwangua kumi na moja, mkono unatetemeka kuliko ulimi wenyewe.

Kwa upande wa mvukuto, fundi alijaribu kwanza mpira wa tyubu la baiskeli. Ukawa mgumu, pedeli zikagoma. Akaenda Ujiji akarudi na ngozi ya mbuzi, akaikwangua mpaka ikawa laini, akaibandika kwa gundi ya moto. Mbao zilizoliwa na mchwa akachonga nyingine. Mzee wa msikitini anatengeneza kinanda cha kanisani, tena bila kudai shilingi. Nilipomuuliza akaniangalia kama nimeuliza upuuzi. "Babu yako alinisomea barua za mwanangu alipokuwa jeshini, wakati macho yake mazima. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Siku ya kumi na nne ikaangukia Jumamosi. Kamati ikaja kanisani, watu sita, mwenyekiti wao kashika daftari. Vijana wa kwaya nao wakaja, nadhani walikuja kucheka. Babu akavaa koti lake la harusi za watu. Akakaa, akaweka miguu kwenye pedeli, akakanyaga.

Kikakohoa. Nakwambia kikakohoa kama mzee wa sigara, vumbi likatoka. Kijana mmoja nyuma akacheka. Babu akakanyaga tena, mvukuto ukajaa, akashusha mikono yote miwili.

Sijui nikuelezeje. Sauti ya spika inakuja kutoka mbele inakupiga usoni. Hii ilitokea chini, ikapanda kwenye sakafu, ikaingia miguuni. Ilikuwa kama kanisa lenyewe linavuta pumzi. Yule kijana aliyecheka akanyamaza, akavua kofia. Mama mmoja wa kamati akakaa chini taratibu, baadaye akasema ndiyo sauti iliyomwoza.

Babu akapiga kama dakika kumi. Nilikuwa nahesabu vibao kwa macho, na nikagundua viwili havitoi kitu. Kimoja katikati, kimoja juu kulia. Kila alipofika hapo palikuwa na pengo dogo, kama jino lililong'oka. Moyo ukanidunda, nikijua kamati itaona. Mwenyekiti aliona. Akauliza, "Mzee, hivi viwili vipi?"

Babu akajibu bila kugeuka, "Hivyo ni vya mjukuu wangu. Atavimalizia."

Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga. Kinanda kikapewa pembe ya kulia, karibu na dirisha. Mchango wa kinanda cha umeme unaendelea vile vile, na mimi nimetoa elfu tano yangu, kwa sababu vijana nao wana haki ya kuimba wanavyotaka. Kule chini ukuta mmoja wa kigango cha zamani ulianguka kabla masika hayajaisha. Ulianguka upande ule ule kilipokuwa kimekaa.

Ukifika Kigoma, usiishie kununua dagaa. Nenda Ujiji ukaone mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Shuka bandarini ukaitazame Liemba. Halafu panda Katubuka, ulizia kanisa lenye kinanda cha kukanyaga. Ukimkuta mzee amekaa pale, mwamkie, mwambie umesoma habari zake. Atakuuliza yule mjukuu wake anarudi lini.

Mwambie nakusanya nauli. Na safari hii nakuja na kalamu ya rangi isiyofutika.